Wanne Tuliotetemeka

Jumapili iliyopita katibu wetu Swalehe alisimama mbele ya kanisa akasoma historia ya kusanyiko letu. Ameiandika kwa ajili ya sherehe, kurasa tatu, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyekaa shuleni. Alipofika mwaka wa vita vya Maji Maji akapandisha sauti: "Wazee wetu watano walisimama imara mbele ya bunduki za Mdachi. Mmoja alikufa shahidi. Wanne Mungu aliwaokoa kwa sababu ya imani yao." Watu wakaitikia amina. Wakageuka kunitazama, maana katika wanne hao nimebaki peke yangu, na mama mmoja akaushika mkono wangu akaubusu.

Nilitamani ardhi inimeze. Nimenyamaza miaka hamsini na miwili, na kunyamaza kwangu ndiko kulikozaa uongo ule, kwa hiyo simlaumu Swalehe. Aliandika alichosikia. Lakini siwezi kwenda kaburini na amina ile shingoni. Kuandika nilifundishwa na Mwalimu Mtoro, kwa kijiti, mchangani, basi naandika mwenyewe, na anayeona herufi zangu mbaya na afumbe macho.

Naitwa Sikujua. Mimi na mdogo wangu Zabibu tulizaliwa juu, kwenye milima ya Umatumbi. Baba alikuwa akipelekwa kwa zamu kulima pamba ya serikali, na siku moja alirudi mgongo umechanika kwa kiboko. Akalala siku tisa, hakuamka tena. Mama alimfuata mwaka huohuo. Kabla ya kukata roho alinishika kidole akaniambia neno moja tu, kwamba Zabibu ni wangu. Tukateremka bondeni upande wa Mtunda, kwa Mzee Sadallah na mkewe Bi Biasha, Wandengereko wasio na mtoto, ambao baba alizoea kuwapelekea tumbaku. Walitupokea bila maswali.

Hapo kwa Mzee Sadallah ndipo alipokuwa akiishi Mwalimu Mtoro. Aliibwa utotoni, akauzwa, akakombolewa, akalelewa na wamisheni huko pwani ya kaskazini. Alipokua alifarakana nao kwa jambo moja. Wao walikuwa wakimwagia mtu maji kidogo kichwani, naye alikuwa amesoma kitabuni kwamba Bwana alishuka mtoni akapanda kutoka majini. "Mtu hapandi kutoka kwenye kikombe," alisema, akafunga mzigo wake akaondoka. Hivyo ndivyo ukristo wa kuzamisha ulivyoingia kijijini kwetu, kwa ugomvi wa mtu mmoja mbishi. Wabaptisti walipokuja juzi hapa na vitabu vyao walitukuta tumeshalowa zamani.

Majirani zetu, Waislamu wema, walituita Wazamaji, wakatucheka bila ubaya. Tulikuwa na taratibu zetu mbili. Ya kwanza, kabla ya kuzamisha tulipiga maji kwa fito ndefu, wote kwa pamoja, kwa kelele, ili kufukuza mamba. Ya pili aliibuni Mwalimu mwenyewe. Aliyezamishwa hakufutwa wala kubadilishwa nguo. Alitoka na maji yake mwilini, akampaka kila mmoja wetu kwa kiganja kwenye paji la uso, kuonyesha kwamba sasa ni mwenzetu. Ukiwa mbali ukatutazama, ungeona watu wanapakana maji ya mto usoni wakinong'ona. Mwaka mwingine wowote hilo lisingekuwa neno.

Mwaka ule, tangu jua la kiangazi lianze kukaza, watu walikuwa wakipita kwa mistari kwenda Ngarambe. Wanaume, wanawake, wengine na mtama kichwani wa kumpelekea mganga. Walisema yuko mtu huko anatoa dawa ya maji, ukiinywa risasi ya Mdachi inageuka maji. Walirudi wamejifunga mabua ya mtama kwenye paji la uso, na hawakucheka tena na mtu. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Watu niliowajua walikuwa wakinipita njiani macho makavu.

Kisha akaja Mjomba Mshamu, ndugu wa mama. Alikuja asubuhi, bua kichwani, kibuyu begani, na wenzake wawili wakabaki wamesimama nje.

"Wanangu," alisema, "pamba tumeshaing'oa. Vita vimeanza. Nimewaletea dawa, maana nyie damu yangu. Asiyekunywa atahesabiwa mtu wa Mdachi, na nyumba ya mtu wa Mdachi haitabaki. Sisemi kwa kuwatisha, nnawaambia niliyoyaona."

Mzee Sadallah alitazama chini. Zabibu ndiye aliyejibu. Alikuwa na miaka kumi na saba, mwembamba, na alikuwa na ugonjwa wa kusema alichokuwa nacho moyoni.

"Mjomba, shikamoo yako ipo palepale," alisema. "Lakini mie nimeshaahidi maji mengine. Siwezi kuahidi mara mbili."

Mjomba hakukasirika. Alimtazama kwa huruma, akasema atapita tena kuchukua jibu, akaondoka.

Nami nilimfuata. Hili Swalehe halijui, wala Mwalimu Mtoro hakulijua hadi anakufa. Niliwaambia naenda kuchanja kuni, nikamkimbilia Mjomba hadi mwisho wa shamba la mpunga. Nilikuwa nimebatizwa mwaka mzima. Nilipiga magoti nikanywa. Akanimwagia mengine kichwani, akaniambia nikisikia bunduki nitamke neno la dawa, maji maji, wala nisigeuke nyuma. Nikamwomba ahesabu kwamba nimekunywa kwa niaba ya Zabibu pia. Akasema dawa hainywewi kwa niaba. Sasa nilikuwa na hofu mbili badala ya moja, kwa Mungu nimemsaliti na kwa Mdachi nimekuwa adui.

Mjomba hakurudi kuchukua jibu. Tulisikia walikwenda kushambulia boma la Mdachi wakiwa wamesimama wima, na bunduki ya kumimina risasi ikawalaza kama mabua. Baada yake zikaja habari za askari. Wametoka huku, wanaelekea huku, wanachoma ghala, wanatafuta kila aliyekunywa. Tuliona moshi upande wa milimani, siku ya pili karibu zaidi, siku ya tatu ukawa pande mbili. Majirani walibeba vyungu na kuku wakakimbilia kwenye visiwa vya delta, wakajificha ndani ya mikoko kwenye matope na mbu. Kijiji kilibaki na mbwa na sisi watano.

"Twende na sie," Bi Biasha alimwambia Mwalimu. "Tutarudi vita vikiisha."

"Jumapili ni siku ya Zabibu," alijibu Mwalimu Mtoro. "Amefunga wiki mbili. Tutamzamisha asubuhi, kisha tutaondoka mchana huohuo. Bwana alisema usiogope. Hakusema usiogope ila kukiwa na askari."

Alikuwa hodari wa maneno, Mwalimu. Nilimvuta Zabibu nyuma ya jiko nikamsihi. Nilimwambia mto hauhami, tunaweza kumzamisha mwezi ujao, mwaka ujao, wakati wowote.

"Dada, na nikifa kabla?" aliniuliza.

"Usiseme hivyo!"

"Wewe ulishazamishwa. Ukifa leo unajua unakokwenda. Mie je?"

Kama ningekuwa mkweli ningemwambia kwamba mimi ndiye nisiyejua ninakokwenda, na ningemtajia nilichokunywa. Badala yake nikarudi jikoni kuchochea moto.

Jumapili ilifika, tukaenda kwenye mkono wa mto ule mdogo ambako ukingo una mchanga. Jua lilikuwa limeshapanda kiasi. Mwalimu alituagiza tupige maji, nasi tukapiga kwa fito, pa, pa, pa, na kila pigo nililisikia likienda mbali juu ya maji hadi ng'ambo. Kelele ile ilikuwa ya kutukinga na mamba. Nilitaka kumwambia tuache, leo kuna wabaya kuliko mamba, lakini mamba nao walikuwepo. Ukiwa na hofu pande zote mbili, mikono hufanya ilichozoea.

Zabibu aliingia na Mwalimu, maji yakamfika kifuani. Akazama, akaibuka akicheka kwa ile baridi. Akatoka ukingoni, nguo imemganda mwilini, akampaka Mzee Sadallah paji la uso, akampaka Bi Biasha, akanipaka mimi. Kiganja chake kilikuwa bado juu ya uso wangu nilipoona kofia nyekundu nyuma ya matete.

Walikuwa askari tisa, na mkubwa wao, effendi, mtu mzima mwenye mvi kidevuni. Hawakupiga kelele. Walituzunguka polepole bunduki mbele, mmoja akatazama mapaji yetu yanayodondoka maji, akasema, "Effendi, hawa tumewafuma wanakunywa dawa."

Mwalimu Mtoro alisema sisi ni watu wa dini. Akatoa kitabu ndani ya kitambaa cha mafuta. Effendi alikifungua, akakigeuzageuza, akakirudisha.

"Hata waganga wa pwani wana vitabu," alisema. "Wapange."

Tukapangwa kwenye mchanga, Mzee Sadallah kwanza, kisha Bi Biasha, Mwalimu, mimi, na Zabibu mwisho kabisa. Effendi alirudi nyuma hatua chache, upande wangu, akamwambia askari kijana aliyekuwa naye. Alisema kwa sauti ya chini, lakini niliisikia kila herufi.

"Usiwasikilize midomo. Mtu aliyekunywa dawa haogopi bunduki. Niliwaona bomani, walikuja wakitutazama machoni. Asiyekunywa utamjua, atalia. Anayelia mwache. Anayekutazama, huyo ndiye."

Nikageuza macho kwa Zabibu. Alikuwa ameinamisha kichwa pembeni, anapigapiga sikio kutoa maji. Hakusikia kitu.

Walianza. Mzee Sadallah alipowekewa mtutu kifuani alianguka chali, akawa anapiga kelele za mtoto. Askari wakacheka wakamvuta kushoto. Bi Biasha hakungoja mtutu, alishika miguu ya effendi, akataja majina ya mababu zake wote. Kushoto. Ikawa zamu ya Mwalimu. Nilimtazama kwa matumaini, kwa ujinga wangu nikidhani atasema neno litakalotutoa wote. Midomo ikamcheza. Magoti yakamwisha. Akasema, "Bwana, nihurumie, mimi mtumwa wako." Mtu aliyekombolewa, aliyetufundisha miaka minne kwamba hakuna tena bwana duniani! Mkojo ulimtiririka mguuni. Kushoto.

Naandika haya si kwa kumcheka, maana mimi nilikuwa mbaya zaidi. Mtutu uliponigusa, neno la dawa lilinijia mdomoni lenyewe, maji maji, likafika kwenye meno. Nilijing'ata ulimi hadi damu. Kisha nikalia, nikajigaragaza, nikala mchanga, nikabusu viatu. Wala sikuigiza, nisisingiziwe ujanja. Niliogopa kweli, kuliko nilivyowahi kuogopa tangu nizaliwe, na mwenye dawa ya Ngarambe tumboni ndiye aliyelia kuliko wote. Effendi akasema, "Huyu hajanywa chochote," wakanisukuma kushoto.

Akabaki Zabibu.

Alikuwa akinitazama mimi pale chini. Aliniona mdomo umejaa mchanga, nguo imenifunguka, na uso wake ukajaa huruma, uleule wa mama. Akasema kwa sauti ya kawaida, mbele ya wote:

"Simama, dada. Usiogope."

Askari kijana aliacha kucheka. Effendi akamsogelea akamwekea mtutu kifuani, juu ya nguo iliyolowa. Zabibu akainua uso akamtazama. Hakuwa na kiburi. Alimtazama kama unavyomtazama mgeni anayeuliza njia. Nilimjua, hata ile baridi iliyokuwa ikimtetemesha muda mfupi kabla, sasa haikumtetemesha tena. Alikuwa amepata alichokitaka, na hakuona cha kuogopa.

Nilijua la kufanya. Maneno mawili tu yangetosha, kwamba alie, aanguke. Kwa Kiswahili nisingeweza, effendi angejua nimemsikia. Lakini Kimatumbi tulikuwa nacho, lugha ya mama, na askari wale hawakujua maana yake. Mlio wake, hata hivyo, walikuwa wameshaujua. Walikuwa wametoka milimani kuchoma vijiji vya wanaokisema. Neno moja la Kimatumbi, na effendi angegeuka akanitazama upya, angeuliza tumetoka wapi, na safari hii asingeangalia machozi yangu. Maneno yalikuwa yamekaa juu ya ulimi tayari. Alikuwa wangu, nilikabidhiwa. Nikayameza.

Effendi alingoja. Naamini alingoja kweli, alikuwa na umri wa baba, alitaka Zabibu alie. Hata akamwuliza, "Huogopi, binti?"

"Naogopa kidogo," alisema Zabibu. "Si sana."

"Huyu amekunywa," alisema effendi, akarudi nyuma hatua mbili.

Mlio ulikwenda juu ya maji kama ulivyokwenda ule wa fito. Zabibu alikaa chini kwanza, taratibu, kisha akalala ubavu.

Effendi alitupita bila kututazama. Alisema, "Nendeni kwenu. Nyie si watu wa maji," akawaita askari wake wakaingia kwenye matete. Tulibaki palepale, hakuna aliyethubutu kusogea, hadi ndege wakarudi. Ndipo nikamwendea mdogo wangu kwa magoti, nikamwambia kwa Kimatumbi yale maneno mawili. Niliyasema kwa sauti, mara nyingi, wala hakuna aliyenikataza.

Tulimzika jioni ileile kwenye kisiwa cha delta, kati ya mizizi ya mikoko, katika nguo yake mbichi. Mwalimu Mtoro hakuweza kuomba. Bi Biasha ndiye aliyesema amina, kwa dua ambayo haikusemwa. Usiku wa miezi ile tulilala tukisikiana tunavyotetemeka, kila mtu na lake, na hakuna aliyemwuliza mwenzake swali, kwa kuwa kila mmoja alidhani ni yeye peke yake mwenye la kuulizwa.

Vita vilipopita ikaja njaa, na njaa ilipopita majirani wakarudi, wakatuuliza habari za Zabibu. Mwalimu alisema, "Alikufa katika imani." Kweli tupu. Wakauliza, nanyi mliponaje? Mwalimu alinitazama, nami nikamtazama. Akasema, "Mungu aliturehemu." Watu wakaanza kuja kusikiliza mahubiri ya wale waliosimama mbele ya bunduki. Tulikuwa wanne, mwaka uliofuata tukawa kumi na tisa, na leo kanisa linajaa hadi nje. Mwalimu Mtoro alizamisha watu miaka ishirini zaidi, na tangu siku ile hakumwambia mtu hata mmoja asiogope. Mahubiri yake yote niliyasikia. Neno lile alikuwa akilifikia kwenye kitabu, analiruka.

Basi Swalehe, mwanangu, futa ukurasa ule. Andika kwamba tulikuwa watano na mmoja tu ndiye aliyesimama. Andika kwamba aliyeuawa kwa kunywa dawa hakuwahi kuionja, na aliyeinywa alikuwa dada yake, aliyekuwa na maneno mawili ya kumwokoa akakaa nayo kinywani. Andika jina langu wazi, Sikujua binti Mussa. Nimemwomba Mungu msamaha kila siku, na huenda ameshanipa, sijui. Kwa Zabibu bado sijaomba, kwa sababu kila nikifumba macho nimwombe, ananitangulia yeye kusema, ananiambia nisimame, nisiogope, nami naogopa kuliko siku ile.